"Tangulieni, nawafuata": kisa cha watu tisa na matembezi ya Glen Affric

Katikati ya Oktoba tulikodi nyumba ya mawe karibu na kijiji cha Cannich, kule juu Uskoti, tulikuwa watu tisa, tumelala siku nne, na hela yote ilitoka kwenye kikoba chetu cha hapa Leicester tulichochanga mwaka mzima. Lengo lilikuwa kutembea tu milimani kwa miguu, kurudi, kupika, kupiga stori. Siku ya pili yake watatu kati yetu, mmoja akiwa mzee wa miaka 67, tulibaki gizani bila tochi mbali kabisa na magari, na wenzetu wakapiga 999. Wote tumerudi salama, Alhamdulillah. Ila kila ninayemsimulia ananiambia "maji ya mto ndio yaliwaponza" na mimi nakataa. Maji yalijaa saa kumi jioni, sisi tulishakosea toka usiku wa jana yake tukiwa mezani na ramani, tukakosea tena saa nane mchana kwa swali moja tu lililoulizwa vibaya. Hilo swali ndilo nataka tuliangalie vizuri.

Watu wenyewe kwanza maana bila kuwajua hutaelewa. Kuna dada mmoja tunayeheshimiana naye sana na mume wake, huyo mume namwita shemeji. Baba yake dada alikuja kuwatembelea kutoka Lushoto, miezi mitatu, ndio Mzee. Halafu mhazini wa kikoba ambaye ni nesi, vijana wawili wa miaka ishirini na kitu, mtu na mkewe, na mimi niliyeitafuta nyumba na kulipia. Shemeji ndiye mpenda milima. Uskoti milima inayozidi futi 3,000 inaitwa Munro, iko 282, jina la Sir Hugh Munro aliyetoa orodha ya kwanza mwaka 1891, na kuna watu wanaipanda yote mmoja baada ya mwingine mpaka wamalize, shemeji ana kama kumi hivi. Kwa hiyo akawa kiongozi bila mtu yeyote kusema wewe ndio kiongozi, ilitokea tu, na hilo nalo lina uzito wake.

Mzee hakuna aliyemhofia. Mtu wa Usambara, Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya bahari, kakulia kwenye miteremko, mpaka leo anashuka sokoni na kupanda kurudi. Tulisema huyu atatushinda sisi wa mjini.

Njia tuliyochagua ni kuzunguka ziwa, Loch Affric, lililo ndani ya bonde la Glen Affric, kilomita 18 hivi, unaanzia pale barabara ya gari inapoishia. Upande wa kusini wa ziwa ni barabara ya vumbi, pana, hata gari la msitu linapita. Ukifika mwisho wa magharibi kuna daraja na nyumba nyeupe ya peke yake panaitwa Athnamulloch, halafu unarudi kwa upande wa kaskazini, na huko ndio mambo yanabadilika, kijia chembamba, mawe, tope linalomeza buti mpaka kwenye kifundo, na vijito vinavyoshuka toka mabonde ya juu ambavyo inabidi uvivuke kwa kukanyaga mawe. Kupanda kwenyewe si kwingi na ndio maana ilionekana rahisi, shemeji alisema "hii siyo mlima hii, ni kuzunguka ziwa tu".

Sasa mezani usiku. Tumekula wali na kuku, jiko la kuni linawaka, ramani imetandikwa katikati ya vikombe. Kilomita 18, shemeji akasema masaa manne na nusu, na hakubuni, kuna kanuni ya zamani ya mtu anaitwa Naismith ya mwaka 1892, kilomita tano kwa saa, na kila mita 600 unazopanda ongeza saa moja. Kanuni nzuri lakini ni ya mtu mwenye nguvu asiyesimama. Hakuna aliyeuliza hiyo ni spidi ya nani. Mzee kwenye njia mbaya ni kilomita tatu kwa saa akiwa mzima, hapo tayari ni masaa sita bila kukaa, ongeza chakula, swala, picha, kufunga kamba za viatu, ni saba na nusu. Jua lilikuwa linazama saa kumi na mbili na dakika kumi hivi jioni. Yaani ilibidi tuwe njiani saa nne asubuhi na bado tungerudi na mwanga ukiisha. Hesabu ya dakika mbili kwa kalamu, na watu wa kikoba tunajua hesabu, hatukuifanya.

Kuhusu jua, wengi wetu Uskoti tulishawahi kuja mwezi wa sita au wa saba, na mwezi wa sita kule saa nne usiku bado unasoma gazeti nje. Hiyo picha ndio ilibaki kichwani. Oktoba jua linazama kama Tanga tu, ila asubuhi halitoki saa kumi na mbili, linatoka saa mbili kasoro, kwa hiyo mchana umekatwa upande wa mbele na huoni kama umekatwa kwa sababu wewe bado umelala.

Na hali ya hewa. Mmoja aliangalia kwenye simu, akasema mvua kidogo jioni. Aliangalia Inverness. Inverness iko upande wa mashariki, mji mkavu ukilinganisha, sisi tulikuwa tunaingia bonde linaloelekea magharibi kunakotoka mawingu ya Atlantiki, umbali wa kilomita zaidi ya hamsini na mvua nyingine kabisa. Kuna utabiri maalum wa milima, unaitwa MWIS, unatolewa bure kila siku na unagawanya milima kwa maeneo, ulikuwa umeandika mvua kubwa toka mchana. Niliusoma kesho yake.

Pia nyumba ilikuwa na faili la maelekezo jikoni, la maji, la choo, la kuni, na ukurasa mmoja umeandikwa kwa kalamu kwamba mkienda kutembea acheni karatasi mmekwenda wapi na mtarudi saa ngapi, na kwamba mkifika kule juu simu hazishiki, tumieni ya mezani ya hapa nyumbani. Nilisoma ukurasa wa jiko la kuni tu.

Asubuhi mipango ilikuwa kutoka saa tatu. Chapati zikachelewa, buti za Mzee zikatafutwa. Buti zenyewe zilikuwa za shemeji, namba moja kubwa, wakamvalisha soksi mbili, Mzee akapiga hatua tatu jikoni akasema ziko sawa. Tukaanza kutembea saa tano na dakika kumi.

Upande wa kusini ulikuwa raha tupu, kwa kweli sitausahau. Misonobari ya zamani, magome mekundu, chini majani yamegeuka rangi ya kutu, ziwa limetulia. Mzee alikuwa mbele na fimbo yake, na kila baada ya muda anasimama anaangalia bonde. Akaniuliza, "Mwanangu, watu wa huku wako wapi?" Nikamwambia Baba hakuna watu. Akasema haiwezekani, maji haya, ardhi hii, mtu asiishi? Nikamweleza kidogo ninachojua, kwamba walikuwepo, eneo la Strathglass yote hii lilikuwa na watu wakiongea Kigaeli, ila mwanzoni mwa miaka ya 1800 wenye ardhi wa ukoo wa Chisholm waliwaondoa ili waweke kondoo, wengi wakapanda meli kwenda Nova Scotia, Canada. Mzee alikaa kimya muda mrefu akaniuliza tena, "Na makaburi yao?" Sikuwa na jibu.

Naliweka hapa kwa sababu linahusu kisa moja kwa moja. Mzee anajua milima, lakini milima yenye watu. Usambara ukichelewa unabisha hodi, ukipotea unamuuliza mama aliyebeba karoti, ukiumia mguu mtoto anatumwa. Ujuzi wake wote wa kutembea umejengwa juu ya hilo, na wetu pia. Wawili wetu walishapanda Kilimanjaro, kule unaandikishwa getini, unapewa mwongozaji kwa lazima, lazima atoke na wewe. Uskoti sheria ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea karibu popote mradi asiharibu, jambo zuri sana, ila maana yake hakuna geti, hakuna wa kukuhesabu ukiingia na hakuna atakayejua kama hujatoka. Kama hamkuhesabiana wenyewe basi hamjahesabiwa.

Saa nane mchana tuko Athnamulloch, mvua imeanza kama saa moja hivi iliyopita, ndogo lakini haikatiki. Tumesimama tunakula maandazi na chai ya thamosi. Hapa ndipo.

Shemeji akasema, "Tuzunguke au turudi tulikotoka?" Vijana wakasema tuzunguke. Mtu na mkewe tuzunguke. Halafu shemeji, kwa heshima kabisa na kwa upendo, akamgeukia mkwewe mbele ya watu wote akasema, "Baba, utaweza?"

Mzee akajibu, "Mimi sina neno."

Dakika mbili tumemaliza tunaondoka. Hebu lifikirie hilo swali. Mtu mzima, mgeni, anaulizwa na mume wa binti yake, mbele ya wake za watu na vijana wadogo, kama mwili wake unaweza. Kuna jibu gani lingine hapo? Kwetu mkwe na mkwe wana mipaka yao, mzee hawezi kumwambia mkwewe nimeshindwa, atakufa na tai shingoni kama wanavyosema. Ile "sina neno" tuliichukua kama taarifa ya miguu, kumbe ilikuwa adabu tu. Na mimi nilikuwa nimesimama pale nimemwona toka kabla ya daraja anakanyaga kwa upande, nikanyamaza, maana nani anamwambia mzee wa watu unachechemea.

Kwenye kijia cha kaskazini hatukukaa pamoja hata nusu saa. Mvua ikifika mtu anainamisha kichwa anatembea kwa spidi yake. Mzee akasimama kufunga kamba, wa mbele wakasimama, akawapungia mkono, "Tangulieni, nawafuata." Wakatangulia. Mimi na dada tukabaki naye. Akalisema tena, na mara ya tatu, na kila likisemwa wale wa mbele wanapungua, mwisho nikawa naona jaketi moja tu la njano mbali huko, halafu silioni tena.

Hilo neno ni la kiungwana, unamwambia mtu asikae kwenye mvua kwa ajili yako. Lakini angalia lilichogawa. Ramani ya karatasi ilitangulia. Simu yenye ramani iliyodaunilodiwa ilitangulia. Tochi za kichwani zilikuwa mbili, zote kwenye begi la shemeji, zikatangulia. Funguo za magari yote mawili zikatangulia. Sisi watatu tulibaki na chupa ya maji, pakti ya biskuti, kanga ya dada aliyojifunga kichwani, na simu yangu yenye chaji asilimia 31, simu ya dada ilishazima kwa picha.

Saa kumi na dakika kumi tukafika kijito kikubwa. Wenzetu sita walivuka hapohapo saa tisa na dakika ishirini, wanasema mawe yalikuwa juu ya maji na vijana waliwashika mkono wanawake. Dakika hamsini baadaye hakukuwa na mawe. Maji rangi ya chai ya rangi iliyokolea, povu jeupe pembeni, na ile sauti ya mawe yanayogongana chini ambayo hata kama hujui mito mwili wako unajua. Dada akaanza kuvua viatu. Mzee akamshika bega akasema hapana, maneno yake hasa, "Maji ya goti yanabeba ng'ombe." Hapo ujuzi wake wa Usambara ulituokoa, yeye ameona vijito vya masika. Tulipanda juu kidogo kutafuta penye upana, hakuna, tukageuka.

Kugeuka ndio uamuzi uliokuwa sahihi siku ile nzima na nausisitiza kwa sababu hauonekani sahihi ukiwa pale. Magari yalikuwa mbele, kilomita kama saba. Nyuma ni tatu mpaka darajani halafu nane za barabara ya kusini, kumi na moja kwa mzee anayechechemea. Lakini nyuma kulikuwa na daraja la uhakika na barabara ambayo hata gizani mguu unaisikia. Kirefu chenye daraja.

Darajani tulifika saa kumi na mbili kasoro robo. Saa kumi na mbili na nusu, kwa mawingu na ile miti, giza. Niliwasha tochi ya simu dakika moja moja, tunaangalia mbele, nazima, tunatembea, dada kamshika baba yake kiwiko na anamsomea dua kwa sauti ndogo. Netiweki hakuna hata kidogo. Nilijaribu 999, Uingereza simu ya dharura inapita kwenye mtandao wowote hata kama siyo wa kwako, lakini lazima uwepo mtandao.

Upande wa pili wenzetu walifika magari saa kumi na moja na robo, wakasubiri saa nzima. Shemeji alitaka kurudi peke yake kijia cha kaskazini mbio, mke wake yuko kule na mkwewe, yeyote angetaka. Mhazini akamzuia. Nitamshukuru huyu nesi maisha yangu yote. Alimwambia hakuna mtu anakwenda peke yake kwenye maji yale gizani, tutatafuta wanne badala ya watatu, halafu akafikiri kwa niaba yetu: maji yamejaa, Mzee siyo mjinga, hawatavuka, watarudi kwa barabara ya kusini. Akamtuma shemeji na kijana mmoja na zile tochi mbili wafuate kusini, wasitoke barabarani, na yeye na mwingine wakaendesha mpaka nyumbani, nusu saa ya barabara nyembamba ya gari moja, akapiga 999 kwa simu ya mezani, akaomba polisi halafu uokoaji wa milima. Ndio utaratibu wa kule, polisi kwanza. Waokoaji wenyewe ni watu wa kujitolea, wana kazi zao, na hawamtozi mtu senti. Akawapa idadi, umri, nguo, mara ya mwisho tumeonekana wapi na saa ngapi. Aliyepokea hakumkaripia, alimwambia umefanya vizuri kupiga mapema.

Saa moja na robo usiku tukaona mataa mawili yanacheza mbali. Dada alikaa chini palepale barabarani. Kijana akageuka na tochi moja akakimbia kurudi kupeleka habari ili timu isitoke, shemeji akabaki na sisi, na hakusema kitu, alimvua Mzee begi la mgongoni akalivaa kwa mbele, akampa mkono. Magari tulifika saa tatu kasoro dakika kumi.

Jikoni sasa. Mhazini kaweka beseni la maji ya moto na chumvi. Maji ya bomba ya ile nyumba yana rangi ya kahawia kidogo kwa sababu yanapita kwenye udongo wa mboji wa mlimani, ni salama ila Mzee aliyatazama akauliza kama ndio yaleyale ya mtoni. Soksi ya ndani ilishagandana na kisigino, ikabidi aloweke nayo, ikatoka taratibu na ngozi ya upana wa kifuniko cha soda. Hakutoa sauti. Binti yake akamuuliza, "Baba, hii ilianza saa ngapi?" Akasema, "Kabla ya daraja."

Kabla ya daraja, yaani kabla ya maandazi, kabla ya lile swali. Alipoulizwa utaweza tayari alikuwa na kidonda. Jikoni pakawa kimya, shemeji akatoka nje akakaa huko kama dakika kumi.

Usiku ule tuliongea mpaka saa sita. Kulikuwa na wa kumlaumu shemeji na mimi sikukubali, wala sikubali leo. Yeye aliuliza, sisi wengine saba hata kuuliza hatukuuliza. Kijana mmoja akasema basi Mzee angesema tu ukweli, huku watu wanasema, na hapo mhazini akamjibu kitu ambacho ndio nimekibeba. Akasema wodini kwake wazee wa kwetu wakiulizwa kama wanaumwa wanasema hapana, kwa hiyo yeye haulizi tena, anatafuta njia ya kumpa mzee nafasi ya kukubali bila kukubali. Kule darajani, akasema, alitakiwa mmoja wetu mdogo aseme "mimi nimechoka jamani, naomba turudi", na Mzee angekuwa wa kwanza kumtetea. Wote tulikuwa na hicho kisingizio mdomoni, tuna miguu, mvua inanyesha, na hakuna aliyekitumia kwa sababu kila mmoja hakutaka kuonekana ndiye mchovu mbele ya wenzake. Yaani watu tisa wote walikuwa wanaficha kitu kilekile alichoficha Mzee, sema yeye ndiye aliyekuwa na kidonda.

Kesho yake tulipumzika. Siku ya nne Mzee mwenyewe akaomba kutoka, kisigino kimefungwa bandeji, kavaa raba zake. Tukaenda maporomoko ya Plodda, upande wa Tomich, maji yanaanguka mita 46, njia fupi ya msituni. Tumeacha karatasi mezani na saa ya kurudi, kila mmoja na tochi yake mfukoni, Mzee katangulia mbele na hakuna ruhusa ya kumpita. Tulipofika nusu ya mteremko niliona ameanza tena kukanyaga kwa upande. Dada naye akaona. Akasimama, akashika nyonga yake, akasema kwa sauti ya kulalamika ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Baba, miguu yangu imekataa leo, tukae kidogo."

Mzee akageuka, akamwangalia, akatafuta gogo lililokauka akalifuta kwa kofia yake. "Haya," akasema, "tukae, mwanangu amechoka." Akakaa wa kwanza.